Folda za Maharage na Kadi Moja ya Harusi

Ninyi vijana wa idara ya data, mnaobofya mara moja na folda ikafunguka kabla hamjarudisha mkono, nawaonea wivu na nawacheka pia. Hamtaujua kamwe utamu wa kungoja. Sisi tulikuwa tunaunda folda mpya, tunakwenda kunywa chai, tunarudi, tunaikuta bado imeandika "Inaweka ruhusa, tafadhali subiri", basi tunairudia chai. Nimestaafu hapa Kagugu nikiwa na afya njema, ila tumbo hili mnaloliona limejengwa na mandazi ya kungojea ruhusa.

Wanaonijua huniita Mama Keza. Nilizaliwa Tabora wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikarudi Kigali nikiwa msichana, na Kiswahili changu nikakileta chote bila kusahau hata neno moja njiani. Kazi yangu ilikuwa kutunza data za utafiti. Mtafiti anarudi kutoka shambani na picha, vipimo na majina ya wakulima, sisi tunaviweka mahali ambapo havitapotea, halafu tunapanga nani aone tu, nani aandike, na nani asisogelee kabisa. Mama yangu mzazi aliishi na kufa akiamini kwamba mimi ni mlinzi wa mlangoni, na kusema kweli hakukosea sana.

Kabla sijafika kwenye maharage, niwape kwanza kisa cha Dokta mmoja, kwa sababu nikikumbuka siwezi kuandika kwa kucheka. Huyu alikuwa haamini mtu. Akatuomba haki ya kupanga ruhusa za folda yake mwenyewe, tukampa. Akamtoa msaidizi wake, akawatoa wanafunzi wake, akatutoa na sisi, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, akajitoa na yeye. Akaja ofisini kwetu akiwa amevaa tai, anatembea polepole, anasema programu ina hitilafu. Hitilafu ilikuwa imevaa tai. Basi chukueni somo la kwanza: hakikisheni kila folda ina wenyewe wawili, na wa pili awe mtu ambaye wa kwanza hajagombana naye.

Sasa twende kwenye ule ucheleweshaji, maana ndio nilioitiwa kuuandika.

Idara yetu ilianzishwa na Mzee Gasana, mtu mpole na mwenye adabu za zamani. Asubuhi akiingia ofisini alimpa mkono kila mtu, meza kwa meza, hata yule aliyekuwa na simu sikioni. Ukichelewa kikao, kikao kilisimama hadi uzunguke chumba kizima ukisalimia. Kupunga mkono mlangoni na kusema "hamjambo wote" ilikuwa ni dharau. Na programu ya kutunza data ilipokuja, Mzee akaiingiza kwenye adabu hizohizo. Ilikuwa na kitufe cha kuunda makundi, ukalipa kundi zima ruhusa kwa pamoja. Mzee alikitazama kitufe kile kwa huzuni. Alituambia kwamba kundi halina jina wala halina baba, na kwamba mtu anakaribishwa kwa jina lake.

Tukakubali wote, tena kwa furaha, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Kila folda ikawa na orodha ya watu, mmojammoja, kwa jina. Na kama mlivyo na akili mmeshakisia lililofuata: kuingiza tuliingiza, kutoa hatukutoa. Nani angemtoa mwenzake? Mtu amehamia Huye, amepata kazi nyingine, amekuwa mchungaji, unamfutaje jina lake kana kwamba hakuwahi kula nasi? Akiondoka tulimwagia sifa, tukamnunulia soda na zawadi, na ruhusa zake zote akabaki nazo. Wawili walikuwa marehemu, Mungu awarehemu, na mmoja wao bado alikuwa na haki ya kufuta mafaili.

Siku zikaenda, programu ikazidi kuwa nzito. Tulilaumu mtandao. Tulilaumu umeme. Tulilaumu mvua, nayo haikujitetea. Fundi wa nje aliyekuja kuikagua seva alisema inunuliwe mpya, kubwa zaidi. Hatukuinunua, tukanunua birika kubwa zaidi la chai.

Ndipo akaja Divine.

Divine alikuwa mtafiti kijana, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mkaidi kama mlango wa bati. Utafiti wake wa udaktari ulikuwa wa maharage marefu, yale yanayopanda vijitini. Alikuwa ameyapanda kwa wakulima wengi wa milimani, na kila mkulima alikuwa na folda yake, ndani yake folda ya kila msimu, na ndani yake folda ya picha, ya udongo, ya mavuno. Mti wa folda zake ulikuwa na matawi mengi kuliko maharage yenyewe.

Utetezi wake ulikuwa umekaribia. Chuo kilikuwa na sheria: watahini wa nje wathibitishe kufikia Ijumaa mchana kwamba wamezifungua data zake, la sivyo utetezi unasogezwa hadi muhula mwingine. Divine hakuwa na muhula mwingine. Kiwanda kimoja kule Masoro, kinachopika maharage na kuyafungasha, kilikuwa kimemwekea nafasi ya kuongoza maabara yake, na kilikuwa kimemwambia wazi kwamba kinamsubiri kwa utetezi huo, si kwa unaofuata. Angeikosa nafasi ile, angerudi kuhesabu mbegu kwa mkataba wa miezi, kama alivyofanya tangu amalize chuo.

Watahini walikuwa wawili, mmoja Nairobi, mwingine Ubelgiji. Tulichotakiwa kufanya ni kuwapa ruhusa ya kusoma. Jumatano asubuhi nikaandika majina yao, nikabofya, mstari wa buluu ukatokea. Nikaenda kunywa chai. Nikarudi. Nikaenda chakula cha mchana. Nikarudi. Mstari ulikuwa umesogea upana wa ukucha.

Alhamisi nilipofika nikamkuta Karangwa mbele ya skrini. Karangwa alikuwa mtaalamu wetu wa programu, amekulia Kampala, kijana wa kucheka kwa mabega. Siku hiyo hakucheka. Alipiga hesabu, akaniambia mstari ule utafika mwisho wiki ijayo, ukiwa na bahati. Nikauliza kama tunaweza kuzinakili data kwenye flashi tuzitume. Akatikisa kichwa. Mle ndani mlikuwa na majina ya wakulima na mahali nyumba zao zilipo, na mimi ndiye niliyeandika sheria kwamba hayo hayatoki nje ya seva. Jamani, sheria yako mwenyewe inavyokukodolea macho!

Karangwa akajaribu kitu ambacho nawasihi nanyi mkijaribu kabla hamjalaumu mvua. Aliunda folda tupu pembeni, nje ya miradi yote, akawapa watahini peke yao ruhusa ya kuingia humo. Ikafunguka papo hapo. Kwa hiyo seva ilikuwa nzima, na mtandao ulikuwa mzima. Kisha akafungua kumbukumbu za mashine, pale inapoandika kila inachokifanya, akasoma kwa muda, mabega yakaanza kutikisika.

"Mubyeyi," akaniambia, akitumia neno la heshima tunalomwitia mzazi, "hii mashine haiko mvivu. Iko inasalimia watu."

Nikainama nikasoma. Ni kweli. Ukiongeza mtu mmoja tu juu, programu ilishuka folda kwa folda, na kwenye kila folda ilipitia orodha nzima upya, jina kwa jina, ikihakiki ruhusa ya kila mmoja. Inamaliza folda ya udongo wa mkulima mmoja, inaingia kwenye picha zake, inaanza tena: Gasana, mchungaji, marehemu wa kwanza, marehemu wa pili, aliyehamia Huye. Inampa mkono kila mtu, meza kwa meza. Tulikuwa tumeilea vizuri mno.

Tulicheka, lakini kicheko kilikatika haraka. Ugonjwa tulikuwa tumeujua, dawa hatukuwa nayo. Hata mimi, pamoja na haraka ile yote, wazo la kuwakaribisha watu kwa mkupuo lilinikaa vibaya rohoni. Nilijiona nikiwa mlangoni ninapunga mkono.

Katikati ya hayo mlango ukagongwa, akaingia Divine. Alikuwa hajui lolote. Alidhani kazi imekwisha tangu jana, na amekuja na jambo lake jingine, uso umejaa tabasamu: anagawa kadi za harusi. Ilikuwa mwezi uliofuata. Akanipa bahasha kwa mikono miwili, nikaifungua. Juu yake palikuwa pameandikwa: Familia ya Idara ya Data.

Karangwa akaipokea, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akauliza kwa utani jina lake liko wapi.

"Kadi iko ya nyumba yenu yote, sha," Divine akamjibu, kwa neno letu la kumwita rafiki. "Nikianza kuandika jina la kila mtu, harusi itafika mimi bado niko naandika."

Mimi nikamtazama Karangwa, Karangwa akanitazama mimi, kisha wote tukaigeukia skrini na ule mstari wa buluu, na hapo sikuweza kujizuia. Nilicheka hadi nikashika meza. Karangwa alikaa chini sakafuni. Maskini Divine akasimama pale na bahasha zake, machozi yanaanza kumlengalenga, anadhani tunaicheka harusi yake.

Tukamweleza yote, pamoja na ile habari mbaya, kwamba watahini bado wako nje. Tabasamu likamtoka usoni. Akauliza swali moja tu, kama inawezekana kabla ya Ijumaa mchana. Karangwa akamwambia inawezekana, tena kwa kadi yake.

Kumbe sisi wote, na adabu zetu zote, hatukuwahi kupokea kadi ya harusi yenye jina la kila mtoto! Kadi huandikwa familia ya fulani, na aliye ndani ya nyumba ile ameshaalikwa. Mtoto akizaliwa baada ya kadi kuandikwa, naye ameshaalikwa. Hakuna aliyewahi kununa. Kundi lina baba, Mzee Gasana angeona, ni yule aliyeandikwa kwenye kadi.

Lilibaki jambo zito zaidi: kuyafuta yale majina. Mkurugenzi aliidhinisha akiwa anashuka ngazi, bila kusimama. Lakini mimi nilikataa watu watolewe kimyakimya. Nikachukua simu nikaanza kuwaaga. Wa kwanza alikuwa mchambuzi wetu wa zamani, siku hizi anauza vigae Kimisagara. Nilizunguka mbuyu weee, nikamsifu, nikamuulizia watoto, mwishowe nikamwambia kwamba tunamwondolea ruhusa. Akaniuliza ruhusa ya nini. Nikampigia mchungaji. Naye hakujua kwamba anayo, ila aliiombea seva, sala ndefu, na Karangwa akaitikia amina. Nikaenda hivyo, mtu kwa mtu, na wote walishangaa, na mmoja akanijibu kwa kicheko kwamba alidhani nampigia kumchangisha. Hofu yetu ya miaka yote, ya kuwaudhi watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua!

Wa mwisho alikuwa Mzee Gasana mwenyewe. Huyo ndiye niliyemwogopa. Nilikaa wima kwenye kiti kana kwamba ananiona. Nikamweleza kila kitu, mashine inavyosalimia, Divine, kadi, na nikamwambia kwamba naye jina lake linatoka.

"Mama Keza," akasema, "kila mkifungua folda, simu yangu inapata barua pepe. Kila folda. Hata kwenye misa inalia. Padri ameisha kunizoea vibaya. Mimi nilikuwa naogopa kuwaomba munitoe, nisiwaumize."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akaongeza kwamba nimtoe vizuri, nisije nikamwacha mguu mmoja ndani.

Wanangu, hata leo sijui nani alikuwa anamstahi nani. Tulikuwa tumebanana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake apite kwanza, na maharage ya Divine yanangoja nyuma yetu.

Asubuhi ya Ijumaa tukausimamisha ule mstari wa buluu, tukajenga makundi. Tuliyapa majina ambayo mpaka leo mnayaona na kuyashangaa. Familia ya Maharage, hao wanasoma na kuandika. Wazee wa Nyumba, hao wanapanga ruhusa, na ni wawili tu. Wageni, hao wanasoma. Tukafuta majina yote ya mmojammoja, tukaweka makundi kwenye folda ya juu kabisa, tukaziambia folda za chini zirithi kutoka juu. Folda za majina ya wakulima pekee ndizo tulizozikatia urithi, zikabaki na ufunguo wao. Kisha Karangwa akawaingiza watahini kwenye kundi la Wageni, akabofya, akageuka kuchukua kiti akae kungoja.

Alipogeuka tena hapakuwa na mstari. Akadhani imekwama. Divine naye akadhani imekwama, akafumba macho. Nikawaambia wasibahatishe, wajaribu kwa macho ya mgeni. Hili lishikeni kuliko yote: usiamini ruhusa uliyoiweka mpaka umeingia kama yule uliyempa, na halafu ukaingia kama yule uliyemnyima. Tulikuwa na akaunti ya majaribio, tukaiweka kwenye Wageni, Divine akaingia nayo kwa simu yake. Picha zikafunguka. Akagusa folda ya majina ya wakulima, ikamkatalia. Divine alikataliwa na folda yake mwenyewe, akaruka kwa furaha, na mimi niliruka naye, na mimi ni mtu mnene.

Mtahini wa Nairobi akathibitisha mapema. Wa Ubelgiji akakawia. Tukakaa tunaitazama simu ya Divine iliyo mezani. Hakuna aliyekwenda kunywa chai, nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya idara. Saa sita ilikuwa inakaribia alipoandika. Amezifungua data zote, alisema, na ana swali moja la haraka: kwenye picha za mkulima fulani, yule mbuzi ni sehemu ya jaribio?

Tukakimbilia picha. Na kweli, pembeni kabisa, nyuma ya vijiti, mbuzi mweupe mwenye sikio jeusi amesimama katikati ya shamba la utafiti, anatafuna, amemtazama mpiga picha bila wasiwasi. Divine alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi akihesabu maganda, mbuzi hakumwona. Na ndilo shamba lile lile ambalo mavuno yake yalimsumbua kwa kuwa madogo, akawa tayari kuilaumu mbegu. Alimpigia simu mkulima pale pale. Mkulima akasema mbuzi ni wa jirani, na kwamba hakuulizwa.

Divine alitetea kazi yake kwa wakati. Kwenye utetezi alieleza kisa cha mbuzi vizuri, ukumbi ukacheka, akafaulu, akaenda Masoro. Kwenye harusi yake idara nzima tulikaa meza moja, kwa kadi moja, na Mzee Gasana alizunguka ukumbi akimpa mkono kila mtu, wageni wote, mmojammoja. Chakula kilichelewa. Hapo hakuna aliyelalamika, kwa sababu mikono ya watu inafaa kushikwa. Ni folda ndizo zisizo na haja.

Basi likitokea la mtu kuondoka, muageni kwa soda, kwa machozi mkitaka, na ruhusa zake ziondoke siku hiyo hiyo. Sheria hiyo nayo niliiandika mimi, na Karangwa, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu, anaijua kwa moyo.

Anaijua sana. Wiki niliyostaafu nilikuwa nimekaa hapa Kagugu, nimetamani kumwona yule mbuzi. Nikafungua kompyuta, nikaingiza jina langu kama nilivyofanya miaka yote. "Huna ruhusa." Na jibu halikusita hata kidogo, lilitokea kabla sijaondoa kidole! Kwanza niliumia, nikiri. Kisha nikaona ile kasi, nikaanza kucheka peke yangu, nikamshtua jirani. Nimekataliwa upesi namna ile na mashine niliyoilea mwenyewe.

Nikampigia Karangwa. Akaniuliza kwa upole, huku nikiyasikia mabega yake yakitikisika, kama nimeshajaza ombi la mgeni. Nikalijaza kama mtu wa mtaani, jina, sababu ya kuomba. Kwenye sababu niliandika: mbuzi.

Sikuwa nimemaliza kukoroga sukari, ruhusa ikaingia. Kundi: Wageni. Kusoma tu. Mimi, Mama Keza, kusoma tu, na ndivyo inavyotakiwa. Nikafungua picha, nikamkuta palepale nyuma ya vijiti, sikio jeusi, anatafuna maharage ya Divine, na hakuna hata siku moja aliyowahi kupewa ruhusa.